Ngoma Iseme Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Sherehe ya Utamaduni wa Kiyoruba kwa Muziki, Uchezaji na Sanaa

Kila mwaka, mwezi wa Agosti, mji wa Wayoruba wa Osogbo, ulioko kusini-magharibi mwa Nigeria, huwa na sherehe ya takriban majuma mawili kwa heshima ya Osun, mungu wa kike wa mto unaopita katika msitu mtakatifu wa mji huo. Msitu wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Siku ya kilele maelfu ya watu humfuata Arugba, mwanamwali anayebeba kichwani kibuyu cha sadaka kuelekea mtoni, na picha yake ndiyo inayozunguka duniani. Hata hivyo, sherehe hiyo haianzi na mwanamwali wala mto. Huanza na Iwopopo, yaani kusafisha njia, ambapo mfalme wa mji hutoka na watu wake kupita barabarani kuitayarisha njia ya sherehe. Baada ya hapo huwashwa taa ya ndimi 16, yakafuata mambo mengine, na mwishoni kabisa ndipo Arugba anapotoka.

Nimeanza na utaratibu huo kwa sababu wengi wetu tunapoombwa kusaidia kuandaa siku ya utamaduni wa Kiyoruba huanzia mwisho, kwa kutafuta wachezaji, mavazi ya kupendeza na mahali pa kupiga picha. Matokeo huwa maonyesho mazuri yasiyo na mtu wa kuyajibu. Sherehe ya Kiyoruba ni mazungumzo. Ngoma hutamka maneno halisi, mchezaji hujibu kwa mwili, aliyetajwa jina husimama, na kitambaa alichovaa nacho kina jina lake na maana yake. Kazi ya mwandalizi ni kuhakikisha kwamba anayesema anasikika, na anayepaswa kujibu yupo karibu na ameelewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Waswahili wanaoishi jirani na Wayoruba, kama ilivyo kwa wengi huko London na Houston, na vilevile kwa walimu na vikundi vya sanaa wanaotaka kushirikiana na Wayoruba waliopo mjini kwao. Kwa sherehe ya watu 100 hadi 200, jipeni miezi mitatu. Wenye haraka watapata onyesho la jukwaani, ambalo si kitu kibaya, lakini si jambo ninalolieleza hapa.

Hatua ya kwanza: safisheni njia kwa wazee

Kabla ya kukodi ukumbi, nendeni kwa wazee wa Kiyoruba wa eneo lenu, wanaume na wanawake. Nendeni wenyewe badala ya kutuma ujumbe wa simu. Kwa desturi yao kijana wa kiume humwamkia mkubwa kwa kulala kifudifudi, kitendo kiitwacho dobale, na msichana hupiga magoti, ambako huitwa kunle. Siku hizi wengi hufupisha, mwanamume akainama na kugusa chini kwa mkono, na mwanamke akakunja goti kidogo. Mtu aliyelelewa na shikamoo haoni ugumu wowote hapa. Mgeni hatarajiwi kulala chini, lakini akiinama vizuri na kusubiri aambiwe aketi, mlango umekwisha kufunguka nusu. Chukueni kola, kokwa ambayo wao huiita obi, kwa kuwa ndiyo hutangulia katika mambo mengi ya heri, na mzee akiishika na kuomba dua, ninyi itikieni kwa neno moja: “Ase,” yaani na iwe hivyo.

Katika kikao hicho ulizeni mambo matatu. La kwanza ni asili ya familia zilizopo, kwa sababu Myoruba wa Ijebu, wa Egba, wa Ekiti, wa Oyo na wa Ketu hawana nyimbo zilezile wala sherehe zilezile, na Ketu yenyewe iko nchini Benin, si Nigeria. La pili ni mambo yasiyopaswa kuonyeshwa. Egungun, ambao ni vinyago vya mababu waliorudi kuwatembelea wazao wao, vina wenyewe, vina masharti, na aliyemo ndani ya mavazi hayo hatajwi. Oro ni ibada ambayo wanawake hawaruhusiwi kuishuhudia. Mambo haya msiyaigize hata kama mmeona video zake na mnadhani mnaweza. La tatu ni suala la dini, nalo linahitaji kuzungumzwa waziwazi mapema, kwa kuwa Wayoruba wengi ni Waislamu na Wakristo, na katika ukoo mmoja unaweza kuwakuta wote wawili pamoja na mjomba anayeshikilia Ifa, uaguzi wa dini ya asili.

Kwa hili la tatu, mfano wa kuwatolea wenye wasiwasi ni Ojude Oba ya mji wa Ijebu-Ode. Sherehe hiyo hufanyika siku ya tatu ya Idi ya kuchinja, na chimbuko lake ni Waislamu waliokwenda kumshukuru mfalme wao, Awujale. Leo watu wa dini zote hupita mbele ya mfalme katika makundi ya marika yaitwayo regberegbe, kila rika na sare yake, huku familia za wapanda farasi zikishindana kwa madaha na mapambo. Hakuna anayeulizwa anasali wapi. Kamati yenu iamue mapema kama sherehe itakuwa ya namna hiyo, au kama itagusa ibada za miungu ya asili kama Osun, Sango au Ogun. Ikigusa ibada, waongoze wenye ibada hiyo.

Hatua ya pili: chagueni mji mmoja

“Utamaduni wa Kiyoruba” wote hauingii katika alasiri moja. Chagueni mji au eneo moja kwa mwaka huu, kulingana na wazee mlio nao, na mengine yaachieni miaka ijayo. Mkiwa na watu wa Abeokuta, fanyeni Abeokuta na vitambaa vyake vya adire. Mkiwa na watu wa Ketu, fanyeni Gelede, uchezaji wa vinyago nitakaoueleza mbele.

Hatua ya tatu: ngoma, na hapa msikimbie

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote, hivyo nitaieleza kwa urefu.

Kundi la ngoma linalojulikana zaidi ni dundun. Ngoma zake nyingi zina mzinga wa mti uliochongwa ukawa na kiuno chembamba katikati, umewambwa ngozi nyembamba ya mbuzi pande zote mbili, na ngozi hizo zimeunganishwa kwa kamba nyingi za ngozi zinazopita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mpigaji huivaa begani, mkono wa kushoto ukashika kamba, na wa kulia ukashika kigongo kilichopinda. Akizivuta kamba, ngozi hukaza na sauti hupanda. Akizilegeza, sauti hushuka. Ngoma kuu ni iyaalu, maana yake mama wa ngoma, na unaitambua kwa njuga ndogo za shaba zilizozunguka kingo zake, ziitwazo saworo. Pembeni yake zipo ngoma ndogo zinazoshika mapigo yasiyobadilika, pamoja na gudugudu, kigoma cha umbo la bakuli kinachoning’inizwa shingoni na kupigwa kwa vipande viwili vya ngozi ngumu. Iyaalu ndiyo inayosema. Nyingine zinaiwekea mkeka wa kusimamia.

Neno “inasema” hapa si la kishairi. Kiyoruba ni lugha ya toni tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na toni hubadilisha maana ya neno. Chukua neno oko, kwa “o” zilizo wazi. Likitamkwa kati-kati ni mume. Kati-juu ni jembe. Chini-chini ni mkuki. Kati-chini ni chombo cha kusafiria. Sisi tuna barabara ya kupita magari na barabara ya kusema “sawasawa”, zikitofautishwa na mkazo tu; Wayoruba wamejenga lugha nzima juu ya tofauti za aina hiyo, na iyaalu huzifuata toni hizo mpaka msikilizaji akaipata sentensi. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hutumia methali na misemo mirefu inayofahamika, ili sikio la mwenyeji lisipotee. Wasomaji wa Kisangani wanaoijua ngoma ya mti ya lokole watalielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza.

Basi katika maandalizi fanyeni yafuatayo.

Tafuteni mpigaji anayesema Kiyoruba. Mpigaji hodari asiyejua lugha ataleta mapigo matamu yasiyo na maneno. Familia za wapigaji wa asili hujitambulisha kwa Ayan, aliye chimbuko la kazi yao, na majina yao mara nyingi huanza hivyo: Ayantunde, Ayanwale, Ayanlere. Mkikuta jina la namna hiyo katika jumuiya yenu, ulizeni. Huenda mtu huyo ni dereva wa basi au muuguzi ambaye babu yake alimwachia iyaalu iliyofungiwa kabatini.

Kusanyeni oriki. Hizi ni sifo, yaani tungo za kusifu, za mtu, ukoo, mji au mungu, na wasomaji wa Kagera wanaweza kuzifikiria karibu na majigambo, isipokuwa kwamba oriki humsifu mwingine badala ya msemaji mwenyewe. Mtoto hupewa jina la oriki la kubembelezea, kama Amoke, Asake au Ajani, na bibi akiliita unamwona mtu mzima anakuwa mtoto papo hapo. Majuma sita kabla ya siku yenyewe, pelekeni daftari kwa kila familia itakayohudhuria, mwandike jina la oriki la kila mzee, mji wa asili na mistari michache ya sifo za ukoo wao, kisha mmpe mpigaji. Kazi hii inachosha, na katika kamati nyingi ndiyo inayoachwa. Nawasihi msiiache. Bibi akiingia ukumbini na iyaalu ikamgeukia ikaanza kutamka sifo za watu wa kwao, hatua zake hubadilika. Anasimama, anasikiliza hadi sentensi iishe, mabega yanaanza kujibu kabla ya miguu, na wajukuu wanaomshika mkono wanauliza kwa mara ya kwanza ngoma imesema nini. Hapo sherehe imekwisha kuanza.

Pangeni mahali pa wapigaji. Wakae chini, usawa wa wageni, karibu na mlango, na waachiwe nafasi ya kutembea. Jukwaa la juu huwatenga na watu wanaowasemesha. Kuhusu vipaza sauti, nitasema kwa uchungu kidogo. Mwaka mmoja kikundi chetu kilikodi mitambo mikubwa, na mwendeshaji wake akaweka muziki wa kurekodiwa kila wapigaji walipopumua. Mama mmoja mzee aliyekuwa amesimama kuijibu iyaalu alibaki katikati ya ukumbi akigeuza kichwa huku na huku, hakusikia sentensi ilivyoishia, akarudi kuketi, na hakusimama tena. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kipaza sauti kimoja kwa iyaalu, kimoja kwa mwimbaji, na muziki wa kurekodiwa usiwashwe kabisa mpaka wapigaji wafunge ngoma zao.

Mkibahatika kupata ngoma ziitwazo bata (ni jina lake tu, si ndege), jueni kwamba asili yake imefungamana na Sango, mungu wa ngurumo, na pia na Egungun. Hupigwa pia katika burudani, lakini mwulizeni mpigaji mwenyewe yapi anaona yanafaa kupigwa mahali hapo. Ngoma hizo ndizo zilizovuka bahari pamoja na watumwa hadi Cuba, ambako bado zinapigwa.

Kwa watoto, tengenezeni sekere. Chukueni kibuyu kikavu chenye shingo, kikateni kwenye ncha ya shingo, mkilowekee maji ndani ili nyama yake ilainike, mkikwangue mpaka kiwe safi, na mkianike siku kadhaa. Kisha fungeni kamba shingoni, mteremshe kutoka hapo nyuzi nyingi, na mzisuke kwa mafundo kama wavu wa mvuvi, kila fundo likibeba shanga au mbegu ngumu. Wavu uwe legelege kiasi cha kucheza juu ya kibuyu; ukibana sana sauti hufa.

Hatua ya nne: uchezaji unaojibu

Makosa makubwa katika uchezaji ni kufundisha mtindo uliohesabiwa, moja hadi nane, halafu kumtaka mpigaji aufuate. Kwa Wayoruba mambo ni kinyume: mchezaji hufuata ngoma, na uhodari wake hupimwa kwa jinsi anavyosikia. Kwa hiyo mazoezi ya juma la kwanza yasiwe na hatua hata moja. Wakalisheni wanagenzi, mpigaji atamke sentensi kwa mdomo, kisha aipige, nao waiimbe kwa do, re, mi: toni ya chini ikiwa do, ya kati re, ya juu mi. Neno lile la oko ni zoezi zuri la kuanzia. Mume ni re-re, jembe ni re-mi, mkuki ni do-do, chombo ni re-do. Darasa la watu wazima hucheka kwa dakika kumi za mwanzo, kisha ghafla kila mmoja anasikia.

Juma la pili shughulikieni mkao. Magoti yalegezwe, kiwiliwili kiiname mbele kidogo, uzito ushuke nyonga na nyayo ziguse ardhi zote. Mabega yabaki huru, kwa sababu kazi nyingi iko huko, hasa katika uchezaji wa bata ambao mabega hukatika kwa ukali kufuata mapigo. Kuanzia juma la tatu, mpigaji atumie ishara tatu au nne tu zenye maneno ya wazi, kama vile za kukaribisha, za kuinama kuamkia, za kugeuka na za kumaliza, naye aziite bila mpangilio. Hapo ndipo mnaposikia nani anacheza na nani anakariri. Majuma sita yanatosha kwa watu wa kawaida kufikia kiwango cha kushiriki bila aibu.

Mkichagua Gelede, mzigo huongezeka. Sanaa hii ya Wayoruba wa Benin, Nigeria na Togo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi simulizi wa binadamu, na huchezwa kwa heshima ya “mama zetu”, yaani uwezo wa wanawake, hasa wakongwe, wa kuijenga au kuibomoa jamii. Usiku wa kwanza huwa wa Efe, kinyago kinachoimba dua, sifa, na kejeli za kuwaonya wakosaji. Kesho yake mchana hutoka vinyago vya Gelede, aghalabu viwili viwili. Wachezaji ni wanaume waliovaa umbo la kike, wenye njuga nzito miguuni, na nyayo zao hutakiwa kugonga sentensi ileile inayopigwa na ngoma, pigo kwa pigo. Kinyago chenyewe hukaa juu ya kichwa, uso wake ukiwa mtulivu, na juu ya uso huo mchongaji huweka chochote ambacho mji unakizungumzia: ndege na nyoka wanaopambana, mchuuzi, cherehani, hata pikipiki. Kama hamna wenye Gelede miongoni mwenu, msitoe vinyago. Fanyeni darasa la watoto la kuchora na kufinyanga kitu ambacho mtaa wenu unakizungumzia, na mzee aeleze jinsi watu wa Ketu wanavyofanya. Na popote patakapotajwa Gelede, mwanamke mzee awe na kauli ya mwisho, kwa kuwa hata huko kwao kiongozi wake mkuu ni mwanamke, Iyalase.

Hatua ya tano: sanaa ya mikono

Mwaka 1962, mwigizaji na mtunzi Duro Ladipo alifungua kituo cha sanaa cha Mbari Mbayo mjini Osogbo, jina ambalo kwa masikio ya Kiyoruba linasema “tukikiona tutafurahi”. Katika karakana zilizofanyika hapo katika miaka ya mwanzo, vijana wasio na elimu ya sanaa walipewa rangi na nafasi ya kujaribu. Twins Seven-Seven aliingia humo akiwa mchezaji aliyekuwa akizunguka na muuza dawa. Akatoka mchoraji aliyejulikana duniani. Muraina Oyelami alibaki mchoraji na mpiga ngoma kwa pamoja. Mafunzo ya kuchukua hapa ni kwamba karakana iwe jirani na ngoma, ndani ya eneo moja, na mlango wake usifungwe. Mtu aliyechoka kucheza aketi kuchora, na mchoraji anyanyuke anapoitwa.

Kwa siku moja, kazi inayofaa kuliko zote ni adire, kitambaa cha pamba kinachotiwa rangi ya nili baada ya kuzibwa sehemu zisizotakiwa kushika rangi. Nyumba yake kubwa ni Abeokuta, na mjini Osogbo msanii Nike Davies-Okundaye amewafundisha ufundi huu watu wengi bila malipo. Zipo njia kuu mbili.

Adire oniko ni ya kufunga. Kitambaa hufungwa kwa rafia, mara nyingine kikizungushiwa kokoto au mbegu, na panapobanwa hubaki peupe. Duara kubwa linalopatikana huitwa osubamba, mwezi mkubwa. Uzi imara wa pamba unatosha mkikosa rafia, na mtoto wa miaka saba anaiweza.

Adire eleko ni ya kuchora kwa uji wa muhogo, na hapa ndipo sanaa yenyewe ilipo. Chemsheni kikombe kimoja cha unga laini wa muhogo kwa vikombe vinne vya maji, mkikoroga bila kuacha mpaka uwe mzito na laini, usio na madonge, unaoshuka kijikoni polepole. Mafundi huongeza shabu na mrututu ili uji ushike vizuri. Mrututu ni sumu, hivyo kwenye karakana yenye watoto uacheni, ongezeni shabu kidogo tu. Tandazeni kitambaa cheupe cha pamba tupu kilichofuliwa kikatoka wanga wa kiwandani, kisha chukueni unyoya wa bawa la kuku, mkitumia ncha ya mrija wake, na mchore juu ya upande mmoja. Hapo awali wanawake ndio waliochora kwa unyoya, na wanaume wakapitisha uji kwenye vibati vilivyokatwa maumbo. Kitambaa kigawanywe miraba kabla ya kuchorwa, kila mraba ukapata picha yake. Ndivyo unavyojengwa mchoro mashuhuri wa Ibadandun, “Ibadan ni tamu”, ambao miongoni mwa miraba yake zimo nguzo za ukumbi wa Mapo ulioko kilimani mjini humo.

Uji lazima ukauke kabisa, ikiwezekana kwa usiku mzima, kwa hiyo fanyeni uchoraji mwisho wa juma linalotangulia, na siku ya sherehe iwe ya kutia rangi tu. Nili ya asili ya Wayoruba hutoka katika majani ya elu yaliyochachushwa, lakini mjini mtatumia nili ya dukani, pamoja na kostik soda na haidrosulfaiti. Kazi ya pipa ifanywe na watu wazima wenye glavu na miwani, mahali penye hewa. Siku zote soda ndiyo imwagwe ndani ya maji baridi, kamwe si maji juu ya soda. Zamisheni kitambaa dakika chache, mkitoe taratibu bila kukikunja, mkitundike. Kikitoka pipani ni cha kijani kilichochanganyika na manjano, na watu husikitika wakidhani rangi imekataa. Kisha hewa inakigusa, na mbele ya macho yao kijani kinazama na buluu inapanda kuanzia kwenye pindo. Waiteni watoto wasimame karibu na kamba wakati huo. Rudieni kuzamisha mara tatu au nne, mkikianika kila mara, kisha kilowekeni katika maji baridi na mkwangue uji kwa upole.

Hatua ya sita: mavazi na chakula

Wayoruba husherehekea kwa aso ebi, nguo ya ukoo, ambayo ni ndugu ya sare zetu za harusini. Tatizo lake ni lilelile tunalolijua: asiyekuwa na fedha hukaa nyumbani. Chagueni rangi badala ya kitambaa maalumu, na mwenye kanga au kitenge cha rangi hiyo aje nacho. Aso oke, kitambaa kizito kinachofumwa kwa vipande vyembamba na kushonwa pamoja, ni ghali na ni cha heshima; waachieni wazee. Mwekeni pia mama mmoja wa kufundisha kufunga gele, kilemba kikubwa cha wanawake, mlangoni.

Kwa chakula, amala (ugali wa unga wa viazi vikuu), moin-moin (kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke) na akara vinatosha. Akara haihitaji utangulizi kwetu: ni bajia za kunde.

Hatua ya saba: siku yenyewe na fedha zake

Ratiba isijazwe. Fungueni kwa dua ya mzee na kola. Kisha iyaalu iwasalimie wageni kwa oriki, jambo litakalochukua saa nzima au zaidi, nanyi msilikatize. Baada ya hapo wachezaji, kisha mduara wazi wa kila mtu, huku karakana ikiendelea pembeni tangu mwanzo. Mshereheshaji awe mtu anayejua Kiyoruba na lugha ya wageni, na kazi yake kubwa iwe kutafsiri maneno ya ngoma kwa sentensi fupi, kisha anyamaze.

Nusu ya bajeti iende kwa wasanii. Wapigaji walipwe sehemu kabla na iliyobaki kabla hawajaondoka, mbali na tuzo watakazopewa na wageni. Aliyewahi kwenda kwenye taarabu anajua kutunza: mtu anainuka na noti, anaizungusha, anampa mwimbaji. Wayoruba wana desturi hiyohiyo, na hubandika noti kwenye paji la uso wa mpigaji au mchezaji. Nchini Nigeria, sheria ya benki kuu ya mwaka 2007 inakataza kurusha na kukanyaga noti za naira, hivyo bahasha au bakuli ni salama zaidi. Wekeni kibuyu kizuri mbele ya iyaalu, mteue kijana mwaminifu wa kukilinda, na fedha zote zihesabiwe mbele ya wapigaji wenyewe.

Picha zipigwe kwa ruhusa, na wakati wa dua kamera zishushwe.

Hatua ya nane: juma linalofuata

Rekodi ya sauti ya iyaalu, hata ikiwa ya simu, ipelekeni kwa kila familia iliyotajwa, pamoja na lile daftari la oriki. Ketini na mzee, muiwashe, mwombeni asikilize na kusahihisha. Atasimamisha rekodi mara kwa mara: hapa mpigaji ameruka jina la babu, hapa toni imemfanya shangazi kuwa mtu mwingine, huu mstari ni wa ukoo wa jirani. Andikeni kila sahihisho pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, mkitaja aliyelitoa na tarehe, kisha nakala moja ibaki kwa familia na nyingine mpelekeeni mpigaji, ambaye ndiye atakayeyahitaji maneno hayo mwakani bibi huyo atakapokuwa anaingia mlangoni.